Abiria Ndiye Anayesoma Namba

Marina di Ravenna, 4 Machi 2023

Mjomba Alvise mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta magoti yamekupa nafuu na mvua imekuachia sebule kavu. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu sana. Amewekewa jino jipya la mbele na sasa anacheka hata mazishini. Mume wangu Ivano bado yuko kwenye maghala ya bandari, kila jioni ananiletea harufu ya mbolea hadi mezani. Paka naye amezalia kwenye kabati la mashuka, na Mama amekataa katakata ahamishwe.

Lakini sikununua stempu kwa ajili ya paka. Kiwanda kilipotufungia mlango nilikwambia sitakaa kitako kulia. Nimenunua gari la viti tisa, jeusi, na leseni ya kubeba abiria ninayo mkononi. Tangu meli kubwa za watalii zikatazwe kupita mbele ya San Marco, nyingi zinakuja kufunga gati huku kwetu Porto Corsini, ng'ambo tu ya mfereji. Watu wanashuka na masanduku yao, safari ya bahari imekwisha, wamebakiza siku mbili tatu za kulala Venisi kabla ya kurudi makwao. Nani awafikishe? Nimeamua ni mimi.

Tatizo ni kwamba gari langu haliogelei. Linakomea Piazzale Roma kama magari mengine yote, na kuanzia pale nahitaji mtu wa majini, mwenye boti yake na leseni yake, asiyechelewa, asiyewachuna wageni. Nakuhitaji wewe na boti yako Ondina.

Mama anasema umeanza kukataa kazi na boti inashinda gatini wiki nzima. Sikuulizi kwa nini. Nakuomba tu tufanye kazi pamoja msimu huu mmoja. Tarehe za meli zinajulikana mpaka Oktoba, hivyo nitakuletea oda mapema kwa barua, maana simu yako wewe unaipokea kwa kufoka.

Mpwa wako,
Morena


Castello, Venisi, 19 Machi

Mpwa wangu Morena,

Marahaba, na marahaba nyingine kwa paka. Magoti ni yale yale. Bi Elda wa ghorofa ya chini anakuulizia. Kanari wake amekufa, amenunua mwingine na kumpa jina lile lile, na sote tunajifanya hatujui. Ukungu umetukalia tangu Jumapili.

Nimeisoma barua yako pale dirishani. Watu wa bara nyinyi mna miguu miwili na bado mnadhani dunia ni barabara! Kununua gari ili kuleta watu kwenye mji usio na gari, hilo ni wazo la Kiravenna halisi. Lakini limenipendeza.

Nikwambie ukweli. Kuna bwana mmoja mwenye hoteli anaitaka Ondina, yeye na leseni kwa pamoja. Amekuja mara mbili na keki. Mwezi Novemba leseni yangu inakaguliwa, na kukagua leseni ni kumkagua pia mwenye leseni, afya na kila kitu. Nilikuwa nimeanza kuzila keki zake na kumsikiliza. Kisha nikajiuliza nitaamka kufanya nini. Nikiwa na boti mimi ni Alvise Busetto. Bila boti ni mzee tu wa ghorofa ya tatu anayelalamikia ngazi. Kwa hiyo mwenye keki nitamwambia asubiri.

Nina masharti. Nafanya kazi mchana tu. Jua likielekea kuzama, kamba nimefunga. Nina miaka sitini na tisa na haki ya kula chakula cha jioni kikiwa cha moto. Oda zote niletee kwa barua, kalamu nyeusi, herufi kubwa kama mama yako alivyokuwa akiandika shuleni. Usinitumie kitu kwenye simu. Herufi za simu ni sisimizi.

Mjomba wako,
Alvise


Marina di Ravenna, 30 Aprili

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Huku tumeamkia jua, na Mama amefungua msimu wa kulalamikia joto. Watoto wa paka tumewagawa wote isipokuwa mmoja, ambaye Ivano alisema hamtaki na sasa analala naye.

Abiria wetu wa kwanza umewaona mwenyewe, lakini hukuona walivyoshuka melini. Yule mama Mwaustralia wa kofia ya majani alisimama gatini akatazama kushoto, ni msitu wa misonobari. Akatazama kulia, ni mapipa ya mafuta. Akanigeukia.

"Venisi iko wapi?"

"Mbele kidogo, mama."

"Tiketi yangu imeandikwa Venisi!"

"Tiketi ina haraka, mama. Imefika kabla yako."

"Mbele kidogo ni kiasi gani?"

"Saa mbili na nusu, malori ya barabara ya Romea yakituhurumia."

Akakaa kiti cha nyuma akiwa amenuna hadi Comacchio, pale nikawanunulia mikate ya jibini, akaanza kusinzia. Nilipomkabidhi kwako Piazzale Roma nilidhani nitashtakiwa. Kumbe jana ameniandikia! Anasema safari yote ya bahari hakuona kitu kizuri kama Ondina ilivyokata kona kwenye mifereji membamba. Na amesifu sana ile desturi yenu ya namba. Anasema mlifika mbele ya nyumba, ukazima injini, ukavua kofia, ukamwambia kwamba Venisi abiria mwenyewe ndiye anayeisoma namba ya mlango kwa sauti, ili mji umjue. Mumewe akaisoma, na wote wakapiga makofi.

Watu wengine watatu wameniandikia jambo hilo hilo. Sikuwahi kuisikia desturi hiyo, na Mama naye hakumbuki, ila anasema aliondoka huko akiwa msichana na alikuwa na mambo mengine kichwani. Ni ya zamani?

Oda za Mei nimezifunga humu, kwa herufi kubwa kama ulivyotaka. Karani wa posta aliona bahasha akaniuliza kama namwandikia mtoto wa chekechea.

Mpwa wako,
Morena


Castello, 24 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Usishangae kimya, posta yenu na posta yetu hazizungumzi. Huku ni kuzuri. Mtini wa Bi Elda umetoa majani, na nimemla samaki wa siki na vitunguu kwake Alhamisi mpaka nikalegea. Mwambie mama yako Gemma kwamba kaka yake bado ana tumbo la ujana.

Desturi ya namba ni ya kale sana. Ni ya enzi za mababu. Mama yako hawezi kuikumbuka kwa sababu wasichana hawakufundishwa mambo ya boti. Basi, tusiongeze maneno hapo.

Ondina anafurahi. Amemaliza wiki tatu bila kushinda gatini akiozesha kamba. Asubuhi naosha sakafu yake, napangusa viti, naweka maua kwenye kile kikombe alichokiacha marehemu mke wangu, halafu nakwenda kukungoja. Nikisikia honi yako kutoka juu ya daraja moyo unanipiga, mzee mzima! Wale wavivu wa baa ya kona wananiuliza tangu lini nimeajiriwa na mwanamke wa bara. Nawajibu tangu mwanamke wa bara alipojifunza kufika kwa wakati, jambo ambalo wao hawajajifunza.

Herufi zako ni nzuri, lakini wino ungekuwa mweusi zaidi ingefaa.

Mjomba wako,
Alvise


Marina di Ravenna, 18 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo, Ivano hajambo, paka hajambo. Leo nimefupisha salamu, unisamehe.

Nimepata simu kutoka kwa ile familia ya Wakanada, wale wanne wenye masanduku ya rangi ya machungwa. Nianze na kosa langu. Kwenye oda niliandika 2114, basi. Sikuandika mtaa. Huku kwetu namba hufuata jina la barabara, na kwa kuwa mimi naishia Piazzale Roma nasahau kwamba kwenu namba zinaanzia moja na kuzunguka mtaa mzima mpaka zinapita elfu mbili, tatu, tano, na kila mtaa una zake. Nyumba yao ilikuwa San Polo. Wewe ni mtu wa Castello, umeona namba isiyo na mtaa, ukaichukulia kuwa ni ya Castello. Nadhani kila mtu wa Castello angefanya hivyo.

Kwa hiyo ukawateremsha Castello 2114. Baba mtu akaisoma namba kwa sauti, ikawa ndiyo yenyewe, ukaondoka. Wakapandisha masanduku ghorofa tatu. Akafungua bibi mmoja wa miaka tisini, akawakumbatia, akidhani ni wajukuu wa dada yake aliyehamia Kanada zamani. Akawakalisha, akawapa chewa wa kupondwa na mvinyo. Wakanada wakadhani hiyo ndiyo huduma ya nyumba. Walikuwa wamekwisha kuoga, mjomba! Mtoto mdogo alikuwa amelala kitandani kwa bibi. Ni mpaka alipoanza kuwaonyesha picha za marehemu ndipo baba mtu akashtuka.

Hawakukasirika. Wamerudi kumwona bibi mara mbili. Nami nimecheka mpaka mbavu zikauma, kisha nikaacha kucheka, kwa sababu ya maneno aliyoniambia yule mama wa Kikanada.

"Tulimwonyesha mzee karatasi ya nyumba kabla hatujaondoka. Ina picha, ina ramani, na imeandikwa San Polo kwa rangi nyekundu."

"Akasemaje?"

"Aliishika mbali. Akaishika karibu. Akaikunja vizuri, akatia mfukoni, akasema sawa sawa."

Mjomba, unaona?

Mpwa wako,
Morena


Castello, 3 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Joto limekuwa kali na maji yananuka kidogo pembeni, ila ndiyo Julai, hatuwezi kuilaumu. Bi Elda ameanguka ngazini, hakuvunjika chochote isipokuwa mayai sita.

Jumamosi ya tarehe kumi na tano ni sikukuu ya Mkombozi. Usithubutu kuniletea abiria siku hiyo. Hata akija askofu na mabegi yake hapati boti. Ni siku ya kufunga taa za karatasi, kupakia meza, na kwenda kutia nanga mbele ya kisiwa cha Giudecca na watu wetu. Mimi nitapika bata. Mje wote, mama yako alete tikiti maji, na Ivano aoge.

Kuhusu ulichoniuliza mwishoni mwa barua yako: naona ninachohitaji kuona.

Mjomba wako,
Alvise


Marina di Ravenna, 25 Julai

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, na asante kwa siku ile. Mama hajanyamaza tangu turudi. Anasema bata wako amemzidi wa mama yenu, na hilo hajawahi kulisema kuhusu mtu yeyote aliye hai. Ivano ameungua pua.

Sasa nitasema, na ukikasirika ukasirike. Tulipokuwa tumeketi, jua bado liko juu, ulichukua chupa ukaanza kummiminia Mama. Ulikuwa unasimulia habari za kanari na sote tunacheka. Ulimimina pembeni ya glasi. Mama akaisogeza glasi yake taratibu mpaka chini ya mvinyo, hakukatiza kicheko. Akaifunika ile alama kwenye kitambaa kwa mkate. Mara ya pili alikuwa ameisogeza glasi kabla hujaanza.

Njiani nikasimamisha gari nikamuuliza. Alilia, mjomba. Akaniambia kuhusu babu: kwamba alikwenda kupasuliwa macho anaona kidogo, akarudi haoni kabisa, na kwamba wewe kijana ndiye uliyekuwa ukimshika mkono kumpeleka gatini kila asubuhi ili akasikie boti. Sikuwa najua. Hukuwahi kunisimulia hata siku moja, na wewe ni mtu wa kusimulia hata habari ya kanari.

Ile ilikuwa miaka hamsini iliyopita. Siku hizi mtoto wa jicho anatolewa kabla chai haijapoa, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Baba mkwe wangu ametolewa, na sasa anasoma bei dukani na kugombana na kila mtu.

Najua unaijua mifereji hata ukifumbwa macho. Lakini hupaswi kuendesha ukiwa umefumbwa macho. Ninaokuletea ni watu, mjomba, wana watoto mapajani. Mficha maradhi, kilio humfichua, na mimi sitaki kilio hicho kiwe cha mtu aliyepanda gari langu. Kwa hiyo nimefuta oda zako zote za Agosti na Septemba. Nitakuletea kazi tena siku utakayoniambia umemwona daktari. Imeniuma mkono kuyaandika haya.

Mpwa wako anayekupenda,
Morena


Castello, 28 Agosti

Morena,

Marahaba. Huku ni salama.

Nimeendesha boti tangu nina miaka kumi na minne na sijamzamisha hata panya. Sasa mtu aliyejifunza juzi kurudisha gari nyuma ananifundisha mimi maji. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Basi nahodha abaki mmoja, na awe wewe. Bwana wa hoteli amekuja tena na keki. Nimeila yote. Nimemwambia mwishoni mwa Oktoba Ondina ni yake. Usinitafutie daktari. Tafuta boti nyingine.

2 Septemba

Barua hii imekaa mezani siku kadhaa kwa sababu sikupata stempu. Si kweli. Stempu ninazo.

Gemma alinipigia jana. Unamjua mama yako, hawezi kutunza siri hata ukimshona mdomo. Ameniambia kwamba mwezi Mei kampuni moja ya usafiri ya Trieste ilitaka kukupa kazi ya meli zote, mwaka mzima, pamoja na boti zao na vijana wao wenye kofia nyeupe, na wewe ukakataa. Nikamuuliza kwa nini. Akasema uliwaambia boti unayo.

Mwezi Mei! Mimi niko hapa nakutania kuhusu wino, na wewe umetupa mkate wako ili mimi niamke asubuhi. Na hata uliponifutia kazi hukulisema, na lingekuwa jiwe zuri la kunipiga nalo. Mimi nimekuficha macho, wewe umenificha riziki. Familia gani hii?

Nimeketi tangu adhuhuri nikitazama ukuta. Ukuta una rangi ya chai yenye maziwa, kila kitu kina rangi hiyo tangu mwaka juzi. Nikitazama taa zina nywele. Uso wako siku ya sikukuu niliujua kwa sauti. Ndiyo, nimeandika.

Sijasema nakwenda. Naogopa, Morena. Nilimshika baba mkono miaka tisa, najua mkono huo unavyokuwa. Nimeliandika hili mara moja na sitaliandika tena.

Mjomba wako,
Alvise


Marina di Ravenna, 20 Septemba

Kwa Bwana Busetto Alvise,

Shikamoo. Tunafurahi kukuthibitishia oda yako ya usafiri.

Abiria: mmoja. Mzigo: mfuko mmoja, nguo za kulalia, na usilete chupa. Tarehe: Alhamisi, 12 Oktoba, asubuhi. Mahali pa kumchukua: Piazzale Roma, pale pale. Safari ni ya upande wa kurudi, kutoka Venisi hadi Ravenna, gari jeusi, kiti cha mbele. Mlango wa hospitali dereva anaujua, na jicho ni moja tu kwa siku hiyo, la kulia; la pili litafuata likipona la kwanza. Baada ya hapo abiria atalala chumba cha bustani nyumbani kwa dada yake, ambaye ameshaanza kutengeneza supu kana kwamba linakuja jeshi.

Abiria hatakiwi kuwa jasiri. Dereva atakuwepo pale ndani muda wote na atamshika mkono kwenda na kurudi. Tofauti ya safari hii na ile ya baba wa abiria ni kwamba mkono utaachiwa.

Abiria asipofika, dereva atamngoja. Akipigwa faini ya maegesho atamngoja. Wakilivuta gari, dereva atakaa juu ya sanduku la vifaa palepale, na abiria anajua ukaidi huo dereva ameurithi upande gani.

Wako mtiifu,
Morena Zoli, dereva


Castello, 19 Novemba

Mpwa wangu Morena,

Marahaba, na salamu kwa dada yangu, kwa Ivano na kwa yule paka aliyelala kifuani pangu siku nne akidhani ndiye muuguzi. Magoti bado mabaya. Daktari wa macho hakuyagusa. Tazama mistari yangu ilivyonyooka. Tazama na wino, wa bluu! Sikuandika mapema kwa sababu nilikuwa na kazi ya kutazama.

Dari ya jiko langu ni chafu kupita kiasi. Bi Elda amezeeka, nilishtuka mpaka nikamshika mkono, naye akasema, "Hata wewe, Alvise, sikutaka kukwambia." Kwenye kioo nilimkuta baba yangu, ila huyu ananitazama.

Kisha, jicho la kushoto nalo lilipokwisha kutengenezwa, nikashuka gatini kumwona Ondina kwa macho mawili. Nilitarajia kukuta vanishi yangu niliyoipaka kwa mkono wangu. Ubavu wote wa kushoto una michubuko, na wa kulia ndio usiseme. Na juu ya michubuko kuna vanishi iliyopakwa na watu, Morena, viraka viraka, rangi tatu tofauti, na hakuna hata moja iliyo yangu. Nikapanda baa ya kona. Gigio Ballarin alikuwa pale na kikombe chake.

"Gigio, nani amepaka vanishi boti yangu?"

"Boti ipi?"

"Yangu!"

"Labda ni mvua."

"Mvua inapaka vanishi?"

"Mwaka huu imenyesha sana," akasema, akanigeuzia mgongo. Wote wakanyamaza. Watu ambao hawajawahi kunyamaza tangu wabatizwe.

Kesho yake nikaingia mifereji ya ndani. Kwenye kona ya kwanza Toni Zennaro akanijia uso kwa uso na boti ya mboga, hakusogea hata unyoya, akafoka, "Oee, zee wewe, shika upande wako, nani aliyekupa usukani!" Kona ya pili nikatukanwa tena, na mama yangu akatajwa. Ndipo nikafahamu. Miaka miwili hakuna aliyenitukana majini. Nikiingia, kila mtu alikuwa akijibana ukutani, na mimi nilidhani ni heshima. Walikuwa wanajua. Mji mzima ulikuwa unajua, ulikuwa ukinipisha, na usiku mtu anakuja na brashi. Sasa wamesikia nimepona wameanza kunitukana upya. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, na daktari amenikataza machozi.

Ukaguzi nimepita Jumanne. Kijana aliniambia nisome mstari wa chini kabisa, nikausoma, nikamsomea na jina la mtengenezaji wa bango. Bwana wa hoteli nimemrudishia sahani yake. Wale wenzi wa Kireno uliowaleta jana baada ya meli ya mwisho nimewafikisha salama, na namba ya mlango nimeisoma mwenyewe.

Lakini nina jambo, na ndilo lililonikalisha kuandika leo. Jana hiyo hiyo, nikiwa na Wareno wako, nilikuwa nakata kona ya nyuma ya Arsenali. Akatokea Tullio wa Giudecca, yule mzee wa boti ya mchanga, yuko upande wangu kabisa, amejaa, anakuja. Nikapiga kelele. Aligeuza kichwa kuifuata sauti, akatazama mahali ambapo mimi sikuwepo. Nayajua macho yale, Morena. Nilikuwa nayo.

Nikarudisha injini nyuma, nikambana Ondina ukutani mpaka ukamkwaruza. Tullio akapita. Akanyoosha mkono hewani, akasema, "Asante, Alvise, umekaa vizuri," na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba nisiseme zaidi ya hapo. Nikamjibu hamna neno.

Usiku kucha nimelifikiria. Wenzangu walinipisha kwa mapenzi, na nitawashukuru hadi kaburini. Lakini hakuna aliyeniambia. Wewe uliniambia, ukanifutia kazi, nikakuchukia mwezi mzima, na leo naona.

Kesho nakwenda Giudecca kwa Tullio. Sijui nitaanzaje. Atanitukana, na pengine atanifukuza. Wewe ukija Jumatatu ya tarehe ishirini na saba, usirudi Ravenna na gari tupu. Acha kiti cha mbele wazi, na umwambie Gemma aongeze maji kwenye supu. Nitamleta Tullio mwenyewe mpaka mlango wa gari, nimemshika mkono.

Mjomba wako,
Alvise